Mche ukionjeshwa joto au baridi, kumbukumbu yake hudumu siku ngapi?

KitaluBora
Wakuu, naomba ufafanuzi. Inasemwa mche wa nyanya ukionjeshwa joto kabla ya kupandikizwa, huvumilia jua kali kuliko ule uliolelewa kivulini muda wote. Mmea hauna ubongo, sasa hiyo kumbukumbu inakaa wapi? Kati ya kuonjeshwa na kupandikiza zipite siku ngapi? Je, mbegu zake hurithi uzoefu huo? Na kwa baridi, tuseme kabichi, mambo ni yaleyale?

SeliHai
Mkuu, inakaa ndani ya seli. Joto likizidi, protini hupoteza umbo na kushikamana, kama ute wa yai unavyoganda. Siku za kawaida protini za kinga ziitwazo HSP70 na HSP90 huishikilia protini nyingine iitwayo HSFA1 isifanye kazi. Zikikimbilia kuokoa protini zilizoharibika, HSFA1 inabaki huru na kuwasha jeni za kinga, zikiwamo HSP101 na HSFA2. HSP101 hufumua yale mabonge ya protini zilizogandamana.

HSFA2 ndiyo yenye mchango mkubwa kwenye kumbukumbu. Husababisha alama za methili, yaani vibandiko vidogo vya kikemikali, zidumu kwenye histoni H3, yaani protini ambazo DNA imezungushwa juu yake, katika baadhi ya jeni za kinga. Joto la kwanza likishapita, alama zinabaki. Joto la pili likija, jeni hizo huwaka kwa nguvu zaidi kuliko mara ya kwanza.

Kwenye maabara jambo hili hupimwa sana kwa Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya kabichi. Miche hupewa nyuzi 37 kwa saa moja hivi, ikapumzishwa siku mbili kwenye nyuzi 22, kisha ikapelekwa nyuzi 44. Iliyoonjeshwa huendelea kukua, isiyoonjeshwa hufa. Siku za mapumziko zikiongezeka, faida hupungua hadi kuisha. Mmea wenyewe hufuta kumbukumbu hiyo: seli husaga na kuondoa protini za kinga zilizobaki, kwa sababu kuendelea kuzibeba bila hatari kunagharimu ukuaji.

MikonoUdongo
Naongezea upande wa vitendo, maana wengi wakisikia "nyuzi 37" hufunga kitalu mchana kutwa na kuua trei nzima. Jambo la kwanza ni kutofautisha joto la hewa na joto la jani. Jani lenye maji hujipoza kwa kutoa mvuke. Udongo ukikauka, vitundu vya jani hufunga na jani linaweza kupita joto la hewa kwa nyuzi kadhaa. Hatari nyingine ni shingo ya mche: uso wa udongo mweusi uliopigwa na jua huwa moto kuliko hewa, shina likaungua pale pale na mche ukalala. Hapo watu husingizia ukungu.

Kwa nyanya, anza siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza. Siku mbili za kwanza toa kivuli asubuhi kwa saa moja au mbili, kisha ongeza saa kila siku hadi mche ukae nje mchana wote. Mwagilia alfajiri mpaka maji yatoke chini ya trei. Punguza mara za kumwagilia, lakini mche ukianza kunyauka saa nne asubuhi umekaza mno. Acha mbolea ya naitrojeni siku hizo, kwa sababu majani laini ya haraka ndiyo hubabuka kwanza.

Kuhusu swali lako la siku, usiache pengo. Ukimaliza kuzoesha kisha ukairudisha miche kivulini wiki nzima ukingoja shamba, umeanza upya.

BaridiNaMaua
Kwa baridi kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kujikinga. Kabichi ikipata nyuzi 4, jeni ziitwazo CBF huanza kuwaka ndani ya robo saa. Siku zinazofuata utando wa seli huongezewa mafuta yasiyoganda upesi, na sukari hukusanywa ndani ya seli. Sukari hiyo hutoka kwenye mwanga, kwa hiyo kuzoesha baridi gizani hakuleti kinga ya maana. Kinga hujengwa kwa siku hadi wiki, ila siku chache za joto huibomoa. Ndiyo maana baridi kali baada ya vuguvugu huua mimea iliyokuwa salama. Nyanya haimo kabisa kwenye kundi hili: chini ya nyuzi 10 huumia, na hakuna kuizoesha barafu.

La pili ni kumbukumbu ya kutoa maua, na hii ni ndefu. Wiki kadhaa za nyuzi kati ya 0 na 10 huzima jeni ya FLC inayozuia maua. Jeni hiyo hufungwa kwa alama za histoni, na alama hizo hurithiwa kila seli inapogawanyika. Kwa kabichi hilo ni hasara: mche wenye shina nene kama penseli ukikaa kwenye baridi hiyo, hutoa maua badala ya kufunga kichwa. Mche mwembamba bado hausikii baridi hiyo. Kwa hiyo usipeleke miche iliyopitiliza umri kwenye msimu wa baridi.

KitaluBora
Nashukuru sana wakuu. Limebaki la mbegu. Na je, nyanya iliyozoeshwa kitaluni itafunga matunda kwenye joto?

SeliHai
Mbegu: usitegemee. FLC huwashwa upya kiinitete kinapotengenezwa, ndiyo maana kila kizazi kinahitaji baridi yake. Kumbukumbu ya joto, kama ulivyoona, hufutika mapema kuliko hapo.

Matunda ni suala jingine. Chavua ya nyanya huharibika zaidi ikipata joto siku 8 hadi 13 kabla ua halijafunguka, na mchana wa nyuzi 32 wenye usiku wa 26 unatosha kupunguza matunda. Wakati huo mafunzo ya kitaluni yamekwisha kitambo. Hapo angalia aina ya mbegu inayovumilia joto, na weka kivuli chepesi kuanzia vichomozo vya maua vinapoonekana, kwani ukisubiri maua yaanze kudondoka, chavua iliyoharibika ni ya wiki iliyopita.