Saba Saba: mwanangu aandike ya baba yake au ya bibi yake?

MamaWaMbagala
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni Mkenya, nimeolewa Dar, tunakaa Mbagala. Mwanangu yuko darasa la nne na mwalimu kawapa insha ya ukurasa mmoja kuhusu tarehe 7 Julai. Baba yake kamwambia ni sikukuu, siku ya maonyesho, foleni Barabara ya Kilwa mpaka daladala hazisogei. Jana jioni akampigia bibi yake Nairobi amuulize na yeye. Bibi akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Siku hiyo sisi tulikuwa tunafunga kibanda na kujifungia ndani, mjukuu wangu."

Mtoto akanijia na daftari: "Mama, niandike ipi?" Mpaka sasa sijamjibu. Na shuleni wanaiita Siku ya Kiswahili. Naomba mnisaidie, nataka aandike kitu cha kweli.

MzeeTandika
Binti yangu, anzia 1954. Tarehe 7 Julai mwaka huo chama cha TAA kiligeuzwa kuwa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, hapa hapa Dar es Salaam, katika mtaa ambao leo ni Lumumba. Waasisi walikuwa 17. Mwalimu Nyerere, aliyechaguliwa kuwa rais wake, alikuwa bado anafundisha shule ya Pugu. Jina Saba Saba limetokana na hesabu yetu tu: siku ya saba, mwezi wa saba. Nane Nane ni vivyo hivyo. Zamani Saba Saba ndiyo ilikuwa ya wakulima pia, wakahamishiwa Agosti miaka ya 1990, huku ikabaki biashara na maonyesho.

Mtoto aelewe kwamba Kiswahili kimo humo tangu mwanzo. TANU ilizunguka nchi yenye makabila zaidi ya mia moja, na mikutano ikaendeshwa kwa Kiswahili. Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa akina mama wa TANU, alitoka kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama wa mjini, na alipopanda jukwaani aliwasemesha wenzake kwa lugha ya nyumbani kwao. Ndiyo maana UNESCO, Novemba 2021, ilipokipa Kiswahili siku yake, ilichagua 7 Julai. Hakuna lugha ya Kiafrika iliyopewa heshima hiyo na shirika hilo kabla yake.

ShauriMoyo_79
Dada, mama yako hajakosea, na mtoto asiandike kana kwamba amekosea. Mimi nilikuwa na miaka 11, tukikaa Shauri Moyo, Nairobi, karibu kabisa na uwanja wa Kamukunji.

Mei 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walijitokeza hadharani kudai vyama vingi. Wakaitisha mkutano Kamukunji tarehe 7 Julai, serikali ikakataa kutoa kibali. Tarehe 4 wakakamatwa wakawekwa kizuizini, na Raila Odinga pia siku hizo hizo. Watu wakaja hivyo hivyo. Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake fainali ya Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi na Argentina. Baba alikuwa ameazima betri za redio kwa ajili ya mechi. Betri hizo tulizitumia kusikiliza habari.

Moshi wa machozi uliingia kupitia chini ya mlango. Mama alilowesha leso yake kwenye karai, akairarua vipande vinne, kila mtoto chake, tuzibe pua. Ilikuwa leso yake nzuri, ya harusi ya dada yake. Nje vijana walikuwa wanapita wameinua vidole viwili, ishara ya vyama vingi, kwa sababu KANU, chama kilichotawala, walikuwa wanainua kimoja. Fujo zilidumu siku kadhaa na zikafika miji mingine. Watu waliuawa. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU chama pekee kisheria, kikafutwa, na mwishoni mwa 1992 tukapiga kura ya vyama vingi.

Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini. Tafadhali asimwache nje ya insha.

Mpita_Namanga
Nyongeza fupi: mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha Novemba 1999, ulianza kutumika 7 Julai 2000. Hilo ni la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na kwa nyumba kama yako linafaa liwemo.

MamaWaMbagala
Shikamoo mzee, na asante sana kaka. Nimempigia mama nikamuuliza kuhusu leso. Akasema yeye alitumia gunia la viazi, maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi, akalilowesha kwa chai. Miaka yote hii sikuwahi kulisikia. Mtoto yuko naye kwenye simu sasa hivi, anaandika, na ukurasa mmoja umeshajaa. Kesho nitamwomba mwalimu amruhusu ukurasa wa pili.