Pampu ya kahawia: siku nikiwa mzima naivuta ya nini?

Kibarua wa Tandahimba
Wakuu, habari za usiku. Nina pumu tangu nikiwa darasa la tatu, sasa nina miaka 31. Katikati ya mwezi wa nne nilikwenda hospitali wakanipa pampu mbili. Ya bluu ni ndugu yangu wa siku nyingi: nikibanwa navuta, dakika chache nimefunguka. Ya kahawia ndiyo hatuelewani. Niliambiwa mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, ubanwe usibanwe. Foleni ilikuwa hadi nje, aliyenihudumia hakuongeza neno.

Nikiivuta sisikii chochote. Mwezi wa tano kifua kilitulia, nikaona nachezea hela (kwetu huku bei yake ni kuku wawili), nikaiacha wiki tatu. Mwezi wa sita msimu ukaanza. Mimi napuliza salfa kwenye mikorosho ya watu. Wanaoijua kazi hii wanajua hatuendi shamba saa nne kama mabwana wakubwa. Tunaingia saa tisa usiku, umande uko kwenye majani unga ushike, upepo bado umelala. Kukikucha nyusi za njano, macho yanachoma, kifua kinalia kama kuna paka ndani. Ya kahawia nimeirudia tangu hapo bila kuruka siku, na sioni msaada. Juu ya hayo ulimi umeota utando mweupe, kama nimelamba unga wa muhogo. Mke wangu anasema ni uraka, ile pombe ya mabibo. Uraka mwezi wa saba, mabibo nayatoa wapi?

Ninachouliza hasa: mnaishije na dawa ambayo siku uliyoamka mzima ndiyo inakukumbusha kuwa mgonjwa? Wenzangu sijawaambia. Nikitaka kuvuta nazunguka nyuma ya mkorosho kama mvuta bangi.

Mama Pacha, Lindi mjini
Pole kaka. Umenichekesha hapo pa bangi, maana mwanangu wa miaka tisa anajifungia chooni shuleni. Nilikuwa namgombeza kila asubuhi, "umevuta?", tunanuniana mpaka geti la shule. Siku moja nikaitia ile ya kahawia kwenye kikombe cha miswaki, basi. Hawezi kuchukua mswaki bila kuigusa. Anavuta, anapiga mswaki, anasukutua, anatema. Sikuhizi siulizi.

Na usivutie mdomoni moja kwa moja, nyingi inagota kooni. Mimi nilifundishwa chupa ya maji ya nusu lita: unatoboa kitako kwa waya wa moto, tundu lienee mdomo wa pampu libane. Kule kwenye kifuniko ndiko unakoweka mdomo. Bonyeza mara moja, vuta taratibu, kisha bonyeza ya pili. Ukiiosha kwa maji ya sabuni iache ikauke yenyewe, usifute na kitambaa, dawa itang'ang'ania kwenye plastiki.

Nesi mstaafu, Masasi
Mwanangu, huo utando ni fangasi. Unatoka kwenye dawa ya kahawia inayobaki mdomoni. Sukutua na uteme kila ukivuta, kama mama hapo juu alivyosema, na ukawaonyeshe ulimi huo wakupe dawa yake.

Ya bluu inafungua njia iliyojikaza. Ya kahawia inapunguza uvimbe ndani ya njia, polepole, kwa siku na wiki, ndiyo maana huisikii. Mwezi wa tano ulikuwa mzima kwa sababu yake, ukaifukuza kazi. Ukijikuta unaitafuta ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu haijatulia. Na ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, hiyo si ya kuuliza humu, nenda hospitali usiku huohuo.

Nikuulize: hilo kopo la kahawia ni lilelile la mwezi wa nne?

Mkorosho Mmoja
Mkuu, kuna matajiri wameshahamia dawa ya maji kwa ubwiriunga, huo ukungu wa mikorosho mnaoupulizia salfa. Nayo si maziwa, lakini haikuachi umepakwa unga mpaka masikioni. Na waambie wenzako bwana. Ukianguka saa kumi usiku katikati ya shamba, nani atajua mfuko gani una pampu?

Kibarua wa Tandahimba
Shikamoo mama. Ndiyo, ni lilelile. Nikilitikisa linacheza, nikibonyeza linatoa moshi.

Nesi mstaafu, Masasi
Marahaba. Gesi hubaki hata dawa ikiisha, kwa hiyo moshi usikudanganye. Soma ubavuni limeandikwa mibonyezo mingapi.

Kibarua wa Tandahimba
200. Nimewasha tochi ya simu nikahesabu na mke wangu. Minne kwa siku ni siku 50. Kuanzia katikati ya mwezi wa nne, hata nikizitoa zile wiki tatu, lilikwisha zamani. Mwezi mzima navuta upepo halafu naitukana dawa.

Leo zamu ni shamba la bondeni, saa tisa. Nimemtumia tajiri ujumbe kuwa siendi, na sababu nimeiandika. Amejibu "sawa, pole, kumbe". Kesho nashuka Mtwara kutafuta kopo jipya. Chupa ya maji ninayo, waya nimeuona kwenye baiskeli ya shemeji.