Watu wa mauzo: kampuni inunue magari au iwape posho ya gari?

Afisa_Utumishi_Dar

Habari wakuu. Kampuni yetu ya usambazaji ina wafanyakazi 34, kati yao 9 ni wa mauzo. Watano wanazunguka Kariakoo, Ilala na Temeke, wanne wanakwenda Morogoro, Dodoma na Tanga karibu kila wiki. Mkurugenzi anataka tuchague: kampuni inunue magari yaliyotumika ya cc 1,500, kama sh milioni 20 kila moja, au kila mmoja apewe posho ya sh 700,000 kwa mwezi na atumie gari lake. Mishahara yao inaanzia milioni 2. Naomba hesabu ya kodi pande zote mbili, na yale yanayokuja kuleta ugomvi baadaye.

Mhasibu_Ilala

Mkuu, tuanze na posho maana ndiyo inayoonekana nyepesi. Posho inayolipwa kila mwezi bila kudai risiti ni mapato ya ajira, inaingia yote kwenye PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Mtu aliyevuka milioni 1 kwa mwezi anakatwa 30% ya kila shilingi inayoongezeka. Kama NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) mnaitoza kwenye jumla ya malipo, mfanyakazi 10% na kampuni 10%, posho ya 700,000 inakuwa hivi:

NSSF ya mfanyakazi 70,000. Inabaki 630,000, PAYE yake 189,000. Mkononi anapata 441,000.
Kampuni inalipa 700,000, NSSF 70,000, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) 3.5% ambayo ni 24,500 (mna zaidi ya watu 10, hamuikwepi), na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5% ambayo ni 3,500. Jumla 798,000.

Yaani mnatoa karibu laki nane, gari linapata laki nne na nusu.

Upande wa gari la kampuni, Sheria ya Kodi ya Mapato haiangalii bei yake wala kilomita. Inaangalia ukubwa wa injini na umri. Kiasi kinachoongezwa kwenye mapato ya mfanyakazi kwa mwaka:

hadi cc 1,000: sh 250,000
zaidi ya 1,000 hadi 2,000: sh 500,000
zaidi ya 2,000 hadi 3,000: sh 1,000,000
zaidi ya 3,000: sh 1,500,000

Gari likizidi miaka 5, kila kiwango kinakatwa nusu. Hayo yenu ya cc 1,500 yaliyotumika, yakiwa yamepita miaka 5, yanaongeza 250,000 kwa mwaka. Kodi yake ni 75,000 kwa mwaka, sh 6,250 kwa mwezi. Linganisha na ile 189,000.

Sheria inasema pia kwamba kampuni isipodai punguzo lolote la kodi kwa kumiliki, kutunza au kuendesha gari hilo, mfanyakazi haongezewi kitu. Msiifuate njia hiyo. Mtapoteza punguzo la uchakavu la 37.5% ya thamani inayobaki kila mwaka, pamoja na gharama za matengenezo, ili kumwokolea mtu sh 6,250.

Na VAT ya kununulia gari dogo la abiria, vipuri vyake na matengenezo yake hamrudishiwi, isipokuwa biashara yenyewe ni ya kuuza au kukodisha magari au kusafirisha abiria. Bajeti ya matengenezo iandikwe pamoja na ile 18%.

Meneja_Magari

Hesabu ya mkuu hapo juu ni sahihi, lakini naona mmesahau njia ya tatu: kumrudishia mfanyakazi gharama kwa kilomita za kazi. Malipo yanayorudisha tu kile alichotumia kwa kazi ya mwajiri hayatozwi kodi ya mapato, mradi ushahidi upo. Bila ushahidi ni posho kama posho nyingine.

Kiwango cha kilomita kinatengenezwa hivi. Nachukua petroli sh 3,000 kwa lita kama mfano. Nyie wekeni bei ya EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, ya mwezi husika.

Mafuta, km 10 kwa lita kwenye foleni: 300
Sevisi ya 150,000 kila km 5,000: 30
Matairi manne ya 600,000 yakienda km 40,000: 15
Bima kubwa, tuseme 826,000 kwa mwaka, km 20,000: 41
Kushuka thamani, milioni 20 hadi 10 ndani ya km 80,000: 125
Jumla sh 511 kwa kilomita.

Tatu za kwanza zinatokea gari likitembea. Bima na kushuka thamani vinakula hata gari likiwa limepaki, karibu 277,000 kwa mwezi. Gawanya hiyo kwa 166 (41 ya bima na 125 ya kushuka thamani), unapata kama km 1,670. Anayetembea chini ya hapo kwa mwezi, mrudishieni kwa kilomita. Anayezidi hapo, gari la kampuni ni nafuu. Kwa hiyo hao watano wa mjini na wanne wa mikoani msiwafungie kwenye mpango mmoja, hata kama mkurugenzi anapenda hivyo.

Daftari la safari liwe na tarehe, kilomita za dashibodi mwanzo na mwisho, mteja aliyetembelewa, na saini ya msimamizi kila wiki. Likijazwa mwisho wa mwezi kwa kukumbuka, mkaguzi wa TRA ataona kilomita zote zinaishia na sifuri.

Kutoka nyumbani kwenda ofisini si kilomita ya kazi.

WakiliKazi

Naongezea ya mikataba, maana hapo ndipo kesi zinapozaliwa.

Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka wa kazi kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi, na posho haimo. Mtu anayepewa 700,000 ya gari asidhani imeongeza stahiki zake za kuachishwa kazi. Mwelezeni mapema.

Gari la kampuni likigongwa, msikate mshahara kienyeji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi awe na kosa, apewe sababu na kiasi kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Faini za barabarani zinafuata namba ya gari, kwa hiyo deni linakaa kwa kampuni. Kagueni kila wiki ili mjue nani alikuwa na gari siku hiyo.

Kwa wanaotumia magari yao: ombeni nakala ya bima, msome sehemu ya matumizi. Bima ya gari binafsi mara nyingi haigusi kubeba bidhaa za mwajiri. Mtu wa mauzo mwenye katoni za sampuli nyuma anaweza kukataliwa dai zima. Kampuni ilipie nyongeza ya matumizi ya kazi kabla hajaanza.

Afisa_Utumishi_Dar

Nashukuru sana wakuu. Na wa mjini wasio na gari kabisa? Tuwakopeshe?

Mhasibu_Ilala

Inawezekana. Riba ikiwa chini ya riba ya kisheria, tofauti yake inahesabiwa kama faida ya mfanyakazi na inakatwa PAYE. Unasamehewa tu mkopo usiozidi mishahara ya msingi ya miezi 3 na unaolipwa ndani ya miezi 12, na kwa mshahara wa milioni 2 hiyo ni milioni 6, hainunui gari la maana. Kwa Kariakoo, mpeni bodaboda au bajaji kwa risiti, alipwe alichotumia. Kupaki gari pale ni shida tupu.