Vijana wa Nairobi kuishi pamoja: kweli kunaua ukabila?

Kila uchaguzi ukikaribia tunaambiwa ukabila ni wa wazee. Vijana wa Nairobi wamezaliwa ploti moja, wanapanda matatu zilezile, Sheng ni yao wote, basi tusubiri tu utajifia. Napinga. Ujirani pekee hautoshi; uliza kwanza wanakutana kama nani.

Tazama Kibera, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Wanubi (wazao wa askari wa zamani kutoka Sudan), Waluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu wamechota maji mfereji mmoja miaka mingi. Lakini mwishoni mwa 2001, Rais Moi alipotaka kodi za nyumba zipunguzwe, wapangaji na wenye nyumba walivamiana. Kwa kuwa wenye nyumba wengi walikuwa Wanubi na wapangaji wengi Waluo, ugomvi wa kodi ukawa wa kabila. Baada ya uchaguzi wa 2007 nyumba zikachomwa tena. Kujuana kulisaidia nini? Anayemjua jirani yake anajua pia mlango wa kuchoma.

Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1954 kwamba makundi yakikutana chuki hupungua hasa yakiwa na hadhi sawa, yakishirikiana kwa lengo moja, na wenye mamlaka wakiunga mkono. Wengi wetu tumeshika "yakikutana", mengine tukayaacha.

Ndiyo maana Eastleigh, mtaa wa biashara wenye Wasomali wengi, hainishangazi. Nairobi nzima inanunua nguo kule, lakini Aprili 2014 polisi walipozoa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na kuwafungia uwanja wa Kasarani, sikusikia wateja wakipiga kelele. Mteja na muuzaji wakishapatana bei, kila mtu na njia yake. Na hapo mwenye mamlaka ndiye aliyekuwa anakamata!

Mfano unaonipa moyo ni MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanza Mathare, mtaa mwingine wa mabanda, mwaka 1987. Timu zake hupata pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani, si kwa mabao tu. Mkishika koleo pamoja, hakuna mwenye nyumba wala mpangaji.

Sasa mnaopinga mtaniambia Mathare nayo iliungua 2008 katika ghasia zilezile za baada ya uchaguzi, na timu zilikuwepo. Kweli. Ila waliochoma walikuwa wachezaji, au ni wale ambao hakuna timu iliyowahi kuwaita? Mliokuwa Mathare wakati ule, semeni.