Canter imeanza kumisi Makambako

*Kikundi: NYUMBANI KWETU*

06:14 Kaka: Shikamooni wazee. Gari imegoma kwenda hapa Makambako. Viazi gunia 35 mgongoni. Injini inamisi (silinda moja haiwaki vizuri) tangu alfajiri, kwenye silensa (ikinguruma bila kukanyaga mafuta) inatetema mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Moshi mweupe, unawasha macho.

06:16 Mama: Marahaba mwanangu, pole. Mmekula?

06:17 Kaka: Utingo kafuata chai, mama. Fundi wa hapa anasema pistoni imekwisha, tufungue injini. Laki nane, spea mbali.

06:19 Mjomba: ASIFUNGUE. Mwombe asubiri. Moshi unaendelea injini ikipata moto?

06:20 Kaka: Unapungua, hauishi. Dizeli niliweka jana usiku. Nimemwagia ya kwenye chujio ndani ya chupa tupu ya maji, ni safi, haina maji chini.

06:22 Mjomba: Umefanya vizuri sana. Sasa toa upepo kwenye njia ya mafuta. Legeza skrubu ya juu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe.

06:41 Kaka: Mapovu machache, kisha dizeli tupu. Bado inamisi.

06:44 Mjomba: Basi si upepo. Chukua spana 17, injini iwe silensa. Legeza kidogo nati ya paipu pale inapoingia kwenye nozeli (kinyunyizio cha dizeli) namba 1, sikiliza, kaza. Halafu 2, 3, 4. Silinda nzima ukiikatia mafuta mngurumo unashuka. Iliyokufa utalegeza na hakuna kitakachobadilika. Usipeleke kidole hapo! Funika na kitambaa kizito, simama pembeni.

06:46 Baba: Msikilize mjomba wako kuhusu kidole. Hili kovu langu ni dizeli ya presha iliyopenya ngozi. Hospitali walinipasua kuitoa.

07:02 Kaka: 1 imeshuka. 2 imeshuka. 3 HAKUNA KITU. 4 imeshuka.

07:03 Mjomba: Na paipu ya 3 inatoa dizeli?

07:03 Kaka: Inatoa, kwa mapigo.

07:07 Mjomba: Basi pampu inapeleka. Imebaki nozeli, valvu au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Moshi mweupe wa kuwasha macho mara nyingi ni dizeli ambayo haikuungua. Ringi za pistoni zikiisha utaona wa bluu, na oili itapungua. Pima oili.

07:10 Kaka: Iko palepale. Nimefungua na kifuniko cha oili, haipumui moshi kwa nguvu.

07:12 Mjomba: Ng'oa nozeli ya 3 na ya 1, zibadilishane nafasi. Futa vumbi kwanza lisidondoke ndani. Zile washa (ringi bapa) za kopa weka mpya, usirudishie za zamani.

07:15 Dada: Kaka nimekutumia elfu hamsini, angalia simu.

07:16 Kaka: Imeingia dada, Mungu akuzidishie.

08:51 Kaka: Mjomba! Sasa 3 imeamka, 1 ndiyo imekufa.

08:52 Mjomba: Ugonjwa umehama na nozeli. Injini yako nzima, mwanangu. Mlipe huyo fundi ujira wake wa asubuhi, muagane vizuri. Halafu zipeleke zote nne kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Simama uone kwa macho yako: nzima inarusha ukungu.

10:37 Kaka: Nimeona. Ile mbovu inakojoa uzi mmoja, ncha nyeusi tii kwa masizi. Ya namba 4 nayo inadondosha matone baada ya kurusha. Ncha mpya mbili, laki na ishirini. Nifanye moja kwanza?

10:39 Mjomba: Zote mbili. Na presha ya zote nne azilinganishe.

10:40 Baba: Fanya mbili, nitaongezea. Huwezi kushuka mlima Kitonga na mzigo huo kwa injini ya mashaka.

13:05 Kaka: Imewaka mara moja. Moshi hakuna. Kwenye kioo cha pembeni namwona utingo anakaza turubai, hata kamba naihesabu.

13:06 Mama: Ukifika Iringa unipigie.