Tupeane uzoefu: mlioanza kuogelea ukubwani, mita 1500 mlijiandaaje?

Leni ya Pembeni:
Wakuu habari za muda huu. Nimejiandikisha mita 1500 mtindo huru, mashindano ya watu wazima, yale ya kuanzia miaka 25 ambako unapangwa na wa rika lako. Bwawa ni la mita 25, yaani kwenda na kurudi mara 30. Mita 400 nazimaliza vizuri tu, baada ya hapo mikono inakuwa mizito kama ya kuazima. Mliopitia karibuni. Video za YouTube nimeshaziona zote, msinitumie.

Mzee wa 800:
Mkuu, 100 yako ya kwanza unaondoka na kasi gani? Tatizo liko hapo. Kocha wetu anatupa mita 100 mara 15, ukigusa ukuta unapumzika sekunde 15 tu, unaondoka tena. Sharti lake: ya kwanza na ya mwisho zisipishane zaidi ya sekunde tatu. Ukianza na dakika 1:50 kwa kila 100, mpaka ya tano utaona kama unaonewa huruma. Ya kumi utamchukia kocha. Ile saa kubwa ya ukutani haina urafiki, inakuumbua mbele ya leni nzima. Ukizizoea, anashusha mapumziko hadi sekunde 10. Miguu ipigie kidogo tu ya kukuweka juu, mapaja yanakula pumzi kuliko mikono.

Binti wa Kibokoni:
Mie wa Mombasa, baharini naenda nitakavyo, lakini bwawani kuta zilinitoa jasho. Hesabu mwenyewe, mita 1500 kwenye bwawa lenu hilo ni kugeuka mara 59! Nikijipindua, maji yananipanda puani mpaka machozi. Dawa ni kutoa pumzi kwa pua taratibu tangu kichwa kinapoinama hadi miguu iguse ukuta. Na kujipindua si lazima, mtindo huru unataka sehemu yoyote ya mwili iguse ukuta, basi. Kuna shangazi kwenye saa yetu ya wanawake anagusa kwa mkono na bado anatuacha, kwa sababu akishajisukuma hanyanyui kichwa, ananyooka chini ya maji mpaka mwendo uishe ndipo avute.

Bega Bovu:
Angalia mkono unaingilia wapi. Wangu ulikuwa unavuka mbele ya paji la uso, bega likawaka moto. Sasa naingiza sawa na bega, napumua pande zote mbili, na nyumbani nina tyubu ya baiskeli nimeifunga kwenye nondo ya dirisha, naivuta kila jioni. Majirani wameshazoea.

Mzee wa 800:
Na wanaosema mbio ndefu za majini si za Waafrika, muwakumbushe Mellouli, muogeleaji wa Tunisia: dhahabu ya 1500 Olimpiki ya Beijing 2008, kisha ya kilomita 10 London 2012.

Leni ya Pembeni:
Asanteni sana. Moja bado: mnahesabuje? Mimi nikifika katikati napotea.

Binti wa Kibokoni:
Mazoezini hesabu mia mia, zinakuwa 15 tu. Siku yenyewe kuna mtu wa vibao vya namba kule mwisho unakogeukia, na ukibakiza kwenda na kurudi unapigiwa kengele. Kwa sheria za kimataifa kibao kinaonyesha zilizobaki, kwa hiyo ukigeuka mara ya kwanza ukaona 59, usishtuke.