Waya ya fedha au ya shaba kwa santuri? Hebu semeni wakuu

Wa Kibokoni: Jamani nauliza kwa nia safi msinirukie. Nimerithi sanduku la santuri la marehemu ami yangu, nyingi ni taarabu za lebo ya Mzuri, zile za enzi za duka la Assanand hapa hapa Mombasa, waimbaji kama Bhalo yumo, Zein yumo, basi nikatafuta pleya ya mtumba nikaiunga kwa amplifaya ikaimba vizuri tu. Sasa kijana mmoja wa dukani (duka silitaji) akaniambia ati hio waya ya shaba yaua sauti, ukitaka kuskia udi wa Zein vile ulivyopigwa tia waya ya fedha tupu, mita moja 18,000. Pleya yenyewe nlinunua 9,500! Mie nasema huo ni wizi wa mchana. Lakini ndugu yangu mkubwa ashakwenda kununua, tena yuaapa kua sauti imefunguka. Nani mkweli?

Wa Tudor: Ndugu usiite wizi kitu ambacho hujakiskia. Fedha ndio madini yanayopitisha umeme kuliko yote duniani, hilo halina ubishi, na ile sindano yatoa kitu kidogo mno, kwa katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) za kawaida, ambazo sumaku ndio yacheza, ni kama milivolti 5, sisi wenye zile ambazo koili ndio yacheza hatufiki hata nusu milivolti. Sasa kitu kidogo hivyo ukikipotezea njiani utakirudisha na nini? Mie nna za fedha mwaka wa tatu, nlitoa za shaba zilizokua zimeiva kijani huko kwenye plagi kwa hewa ya bahari, siku hio hio nkaskia violini kama zimesogea mbele. Sirudi nyuma.

Fundi Mwembe Kuku: Asalaam aleikum wanangu. Wa Tudor usemayo ni kweli ila umeyakata nusu. Fedha yaishinda shaba kwa kama asilimia 6, basi. Chukua waya ya shaba ya mita moja, unene milimita mraba 0.2, ukinzani wake ni kama omu 0.084. Ya fedha unene huo huo ni omu 0.08. Na kule kwenye amplifaya, tundu la santuri limewekewa omu 47,000. Hio tofauti yenu mbele ya 47,000 ni kama kumwaga kikombe cha kahawa pale Likoni halafu ungoje feri ipande. Tena ndani ya katriji ya kawaida mna koili ya uzi mwembamba kuliko unywele, aghalabu ni shaba, mamia ya omu. Sauti ishapita shaba yote hio ndo ifike kwa fedha yako.

Lakini nduguye Wa Kibokoni nae huenda hasemi urongo. Nikuulize mwanangu, hio waya yako ya shaba ni refu kiasi gani, na ile ya fedha je?

Wa Kibokoni: Ya shaba mita mbili, ilikua ya dvd. Ya fedha mita moja.

Fundi Mwembe Kuku: Ndo hapo. Kila waya ya sauti ina kapasitansi, yani ule uzi wa kati na wavu wa nje vyakamata chaji baina yao, na urefu ukizidi nayo yazidi. Kwa katriji ya sumaku hilo ni jambo kubwa. Ile koili yake, ikiwa nusu henri (ndio kipimo cha koili), yakutana na kapasitansi inafanya mwinuko kwenye sauti nyembamba, na baada ya mwinuko ni mteremko. Jumla ya kapasitansi ikiwa picofaradi 200 (ndio kipimo chake) mwinuko wakaa kwenye hetsi 16,000 hivi, yani mitetemo 16,000 kwa sekunde, mbali na masikio ya wazee kama mie. Ikifika 400 washuka mpaka 11,000, utaskia matari yachachuka halafu ile hewa ya juu yote hakuna. Si shaba hio, ni urefu na umbo la waya. Njoo nayo nikupimie.

Wa Majengo: mie langu lilikua mngurumo tu mmmmm wa stima, nshabadilisha waya mara tatu kumbe ile waya nyembamba ya ethi ya pleya yaning'inia nyuma ya kabati haikufungwa kwa amplifaya 😂

Wa Kibokoni: Nimerudi, na kwanza nameza maneno. Jana baada ya sala ya Ijumaa tumefanya. Ndugu yangu tumemkalisha akitazama ukuta, amplifaya tumeifunika na leso ya mama, fundi ndie abadilisha waya, mie narudisha sindano kipande kile kile cha udi. Mara kumi. Akapata tisa! Nlinyamaza kama nimemwagiwa maji. Kisha fundi akatoa mita yake, shaba yangu picofaradi 310, fedha 85. Akaenda kwa jirani akaleta waya ya antena ya tivii, ile yenye kiini cha shaba tupu sio chuma kilichopakwa, akakata vipande viwili vya mita moja, kimoja kwa kila upande, akatia lehemu plagi mpya. Akapima, 67. Haya, antena na fedha mara kumi nyingine, ndugu yangu akapata tano, na ya saba alisema "hii ndo fedha, skia hio" na ilikua antena. Mama akacheka mpaka chai ikamwagika. Waya na plagi vyote havikufika shilingi 500.

Wa Tudor: Hio ni katriji ya sumaku, yangu ni ya koili, kapasitansi haiisumbui hivyo.

Fundi Mwembe Kuku: Kweli, yako haisumbui. Yako wewe yataka wavu mzuri wa kuzuia mngurumo na plagi safi. Na mwenyewe ulisema zile za zamani ziliiva kijani. Siku uliyotia fedha ulitia na plagi mpya ama la?

Wa Tudor: Nlitia.

Fundi Mwembe Kuku: Haya. Na hio fedha nayo yafanya weusi, waulize masonara wa Mji wa Kale. Zichomoe uzipanguse na spiriti kila baada ya miezi kadhaa.

Wa Tudor: Nitapangusa mzee wangu. Lakini sizitoi.

Wa Kibokoni: Ndugu yangu yeye azitoa. Mita moja, za wiki tatu, boksi lake lipo, 12,000.

Wa Tudor: 8,000 nakuja baada ya Magharibi.